Wapimaji wa Mkekani

Kazi huanza kwa kukaa chini. Mpimaji anayetaka kujua ubongo wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu umefika wapi havai koti jeupe wala haketi nyuma ya meza. Hutandika mkeka, huvua viatu, hukunja miguu, kisha husubiri. Mtoto yuko mapajani mwa mamake, kidole mdomoni, akimkagua mgeni. Kikapu cha vifaa kimewekwa pembeni, kimefunikwa. Kwa muda mzuri hakuna swali linaloulizwa wala alama inayoandikwa. Anayepita nje ataona watu wazima wawili wakizungumza habari za mvua na bei ya unga, na atadhani kazi bado haijaanza. Kumbe mpimaji ameshaona kwamba mtoto hugeuza kichwa akisikia jogoo, kwamba mkono wa kushoto unatumika kidogo kuliko wa kulia, na kwamba alipodondosha kipande cha muhogo alikitafuta kwa macho mpaka akakipata.

Ufundi huu umekomaa hapa kwetu, katika kaunti ya Kilifi, na nadhani haujapewa heshima yake. Yakizungumzwa madhara ya pombe na dawa za kulevya kwa mtoto aliye tumboni, watu hutaja mashine za kupiga picha za ubongo, damu iliyogandishwa na kompyuta za kuchambua takwimu. Vyote hivyo vina kazi. Lakini swali lenyewe, yaani kilichoingia mwilini mwa mama kimefanya nini katika akili ya mwanawe, mwishowe hujibiwa na mtoto, kwa mikono yake na kwa miguu yake, mbele ya mtu aliyejifunza kuangalia.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa Kilifi mwaka 1989, katika iliyokuwa hospitali ya wilaya, na adui mkubwa wa wakati ule alikuwa malaria kali. Watoto walifikishwa wakiwa hawajitambui, na wengi waliokolewa. Halafu likaja swali la pili: mtoto aliyezinduka baada ya kupoteza fahamu, je, amezinduka na akili yake yote? Mwanasaikolojia Penny Holding na wenzake walichapisha mwaka 1999 matokeo ya kuwapima watoto wa Kilifi waliowahi kuugua malaria kali. Baadhi yao walikuwa na upungufu wa fikra na lugha ambao mtu hawezi kuujua kwa kuwatazama tu wakikimbizana uani.

Kufika hapo kulihitaji kwanza kujenga vifaa, maana vilivyokuwepo vilitengenezwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Vilimtaka mtoto apande ngazi za nyumba, achore kwa kalamu ya rangi, ataje jina la kitu kwenye picha ambacho hajawahi kukiona. Mtoto wa Kaloleni ambaye hajawahi kushika kalamu anapokosa kuchora duara, alichokosa ni kalamu. Ukimwandikia kwamba ubongo wake umechelewa, umemsingizia, na ukimsingizia yeye pamoja na wenzake mia mbili utachapisha uongo wenye majedwali mazuri ya takwimu.

Mwaka 2008 Amina Abubakar, Holding na wenzao walichapisha kipimo kinachobeba jina la mji, Kilifi Developmental Inventory, kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka 3. Kina vipengele karibu 70 vya mambo mawili makubwa: jinsi mtoto anavyouendesha mwili wake, na jinsi macho yake yanavyoshirikiana na mikono. Aketi bila kuegemea. Asimame kwa mguu mmoja. Aokote kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Apange vipande vya mbao kimoja juu ya kingine. Atunge shanga. Ukikisoma kwenye karatasi utadhani mtu yeyote angeweza kukiandika baada ya chakula cha mchana.

Ugumu uko katika yale yaliyoachwa. Mtengenezaji wa kipimo huanza na majaribio mengi kuliko atakayobaki nayo. Jaribio ambalo kila mtoto analiweza halisemi kitu, na ambalo kila mtoto linamshinda pia halisemi kitu. Lingine linawashinda watoto wa bara na kuwa rahisi kwa watoto wa mjini, na hilo linapima umbali wa barabara ya lami. Maelekezo hutafsiriwa kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine ambaye hajaona maandishi ya kwanza huyarudisha katika lugha yaliyotoka, ili ionekane kama maana imepotea njiani. Wapimaji wawili humtazama mtoto mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na karatasi yake, bila kunong'onezana, kisha alama zao hulinganishwa. Baada ya muda mtoto yuleyule hupimwa tena. Kama leo amepata alama za juu na juma lijalo za chini, na hakuugua katikati, basi kilichotetereka ni kipimo.

Na kuna adabu. Katika nyumba nyingi za Kimijikenda mtoto hulelewa asiwe mwepesi wa maneno mbele ya mtu mzima asiyemjua. Kunyamaza kwake ni malezi mema. Mpimaji aliyefunzwa vitabuni tu ataona bubu, naye ataandika kwamba lugha imechelewa. Mpimaji wa hapa humwacha mtoto acheze na dadake kando ya mkeka huku yeye akijifanya anashughulika na karatasi, na masikio yake yakihesabu maneno. Humuuliza mama, humuuliza bibi ambaye Wagiriama humwita hawe, kwa sababu hawe ndiye anayeshinda na mtoto mama akienda shambani. Huuliza pia kama mtoto amelala, amekula, ana homa. Mtoto mwenye njaa hapimwi; hupewa uji kwanza.

Ni kwa mikono ya namna hii kwamba Victor Mung'ala-Odera na wenzake waliweza kuchunguza zaidi ya watoto 10,000 wa Kilifi wa umri wa miaka 6 hadi 9, na kuripoti mwaka 2006 kwamba watoto 61 kati ya kila 1,000 walikuwa na ulemavu wa mfumo wa neva wa kiwango cha kati au kikubwa. Matatizo ya wakati wa kuzaliwa yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na ulemavu huo. Namba hiyo, 61, nimekuwa nikiirudia kwa watu kila nipatapo nafasi. Nyuma yake kuna watu waliotembea kijiji kwa kijiji na kuuliza maswali kumi kwa kila mlezi, kisha wakarudi kuwapima wale ambao majibu yao yalitia shaka.

Sasa tuje kwa kile kinachoingia kabla ya kuzaliwa.

Kaloleni ni nchi ya minazi. Ukitoka Mazeras ukapanda vilima kuelekea huko, minazi inakufuata pande zote, na mingi imechongwa vidato kwenye shina kwa ajili ya mgema anayepanda asubuhi na jioni. Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi miongoni mwa Wagiriama katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1972, Palms, Wine, and Witnesses, kinaeleza jinsi mnazi na pombe yake vilivyofungamana na ardhi, mahari, mazishi na utajiri wa watu wachache walionunua miti ya jirani zao. Hadi leo mnazi, pombe inayobeba jina la mti wake, umo katika mahari na matanga, na wazee huutumia katika tambiko la kuhatsa. Karo za watoto wengi zimelipwa kwa chupa za mnazi, na wauzaji wengi mangweni, yaani katika vilabu vya mnazi, ni akina mama. Nayaeleza haya kwa sababu mwanamke mjamzito wa hapa haendi kutafuta pombe mahali pa siri. Iko nyumbani, iko kazini, iko katika heshima anayopewa mgeni.

Kemia haijali heshima hiyo. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, na muda mfupi baada ya mama kunywa, kiwango chake katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama. Ini la mtoto bado ni changa mno kuisafisha. Sehemu yake huingia katika maji ya uzazi yanayomzunguka, naye huyameza tena. Wakati huohuo ubongo unajengwa: chembe zinazaliwa ndani, zinasafiri kwenda pembezoni zilikopangiwa, zinaungana. Pombe huzipotosha baadhi njiani na nyingine huziua. Kile kifungu kikubwa cha nyuzi kinachounganisha nusu mbili za ubongo huweza kutoka chembamba, au chenye umbo lisilo la kawaida, au kukosekana. Kathleen Sulik na wenzake walionyesha mwaka 1981, kwa panya, kwamba pombe ya siku moja tu, katika hatua inayolingana na juma la tatu la mimba ya binadamu, inatosha kuuharibu uso pamoja na ubongo. Juma la tatu! Wanawake wengi wa umri huo wa mimba hawajajua hata kama ni wajawazito.

Uso na sehemu ya mbele ya ubongo hujengwa pamoja, ndiyo maana madaktari wa kwanza waliosoma habari hii waliisoma usoni. Paul Lemoine na wenzake huko Nantes, Ufaransa, walieleza mwaka 1968 kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi. Makala yao ilikuwa kwa Kifaransa na wachache waliisoma. Mwaka 1973 Kenneth Lyons Jones, David Smith na wenzao wa Seattle walieleza katika jarida la The Lancet watoto wanane ambao mama zao walikuwa watumwa wa pombe, na wakaupa ugonjwa huo jina lililoenea duniani kote. Dalili zake za usoni ni macho yenye mkato mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kati ya pua na mdomo kikiwa kimesawazika. Vichwa vya watoto hao vilikuwa vidogo. Naona uzuri katika makala hiyo fupi: watu wachache wakiwa na rula, utepe na macho, wakitazama watoto wanane mpaka wakaona kile ambacho wakunga na walimu walikuwa wamekipita kwa karne nyingi.

Utepe wa kupimia kichwa bado upo katika kila kikapu cha mpimaji. Hupitishwa juu kidogo ya nyusi, ukazunguka mpaka pale kisogo kilipotokeza zaidi, ukakazwa kiasi cha kulaza nywele, ukasomwa, ukatolewa, ukarudiwa. Msichana aliyesukwa nywele huleta tatizo la kweli. Nusu sentimita ya misuko ni ukuaji wa miezi kadhaa kwa mtoto wa mwaka mmoja, kwa hiyo mpimaji hutafuta njia ya utepe kati ya mistari, au humwomba mama arudi siku ya kufumua. Kuomba hivyo ni bora kuliko kukadiria.

Walioisukuma kazi hii mbele zaidi barani kwetu ni watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini, katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, ambako kwa vizazi wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Huko kumepatikana viwango vya juu kabisa vya ugonjwa huu vilivyowahi kuripotiwa duniani. Philip May, Denis Viljoen na wenzao waliwapima watoto wa darasa la kwanza, shule kwa shule. Na Sandra Jacobson na wenzake walifanya jaribio ambalo naliona kuwa la kifundi hasa. Mtoto wa miaka mitano huketishwa akitazama video. Sauti hulia, na mara tu baada yake upepo mdogo hupuliziwa kwenye jicho lake. Hupepesa. Baada ya marudio ya kutosha, mtoto wa kawaida huanza kupepesa aisikiapo sauti, kabla upepo haujafika. Hili ni somo dogo, halihitaji lugha, shule wala ujuzi wa kalamu, na linafanywa na sehemu za chini kabisa za ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Robo tatu ya watoto ambao hawakuguswa na pombe walijifunza. Kati ya wale wenye ugonjwa kamili, hakuna hata mmoja aliyefikia kipimo.

Ninapoisoma habari hiyo nakumbuka mara ngapi nimemsikia mzazi au mwalimu akisema mtoto fulani ni mkaidi, ameonywa na kuchapwa mara ngapi na bado anarudia kosa. Pengine kuna watoto ambao kiboko hakiwezi kuwafunza kwa sababu njia yenyewe ya kuunganisha hiki na kile haikujengwa. Mtoto kama huyo anahitaji kufundishwa kwa namna nyingine, kwa marudio na utaratibu usiobadilika, na kwanza anahitaji mtu wa kumtambua.

Sasa ule ufundi wa pili, ambao naona ni mgumu kuliko wa kwanza: kumuuliza mama.

Swali likiulizwa kwa ufupi, "Ulikunywa pombe ulipokuwa mjamzito?", jibu ni hapana. Mama anayetoa jibu hilo hana nia mbaya. Amesikia mahubiri, ana mume, ana mama mkwe aliyeketi mlangoni, na anamjua muulizaji kwa nusu saa tu. Muulizaji mzuri hukaa naye kwenye mkeka uleule na kuanza mbali. "Dada, mvua za mwaka ule mlipanda nini?" Kutoka mvua huja mavuno, kutoka mavuno huja harusi ya shemeji, kutoka harusi huja matanga ya babu. "Siku hizo za matanga, wewe ulikuwa upande wa wapishi au wa wageni? Na wapishi huletewa nini?" Hapo ndipo mnazi unapoingia katika mazungumzo kwa miguu yake. Siku ya matanga inajulikana tarehe, mimba inajulikana tarehe, na mpimaji anaweza kuhesabu kwamba ilikuwa juma la saba.

Kisha kuna kiasi. Chupa ya bia imeandikwa nguvu yake ubavuni. Mnazi hauna karatasi. Ukiteremshwa mtini ni mtamu na pombe yake ni kidogo, kisha huchacha saa kwa saa, na wa jioni haulingani na wa asubuhi hata kama umetoka mti mmoja. Ndiyo maana muulizaji anayeijua kazi huuliza uligemwa saa ngapi na ulinywewa saa ngapi, ulikuwa tembo tamu au ulikuwa umelala, na chombo kilikuwa kipi. Watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini walibeba picha za chupa na vyombo vinavyotumika huko ili mama aonyeshe kwa kidole. Kaloleni picha hizo zingekuwa za vibuyu, majagi na chupa zilizotumika tena, na mgema angekuwa mshauri wa utafiti.

Kwamba wanawake wa Kilifi husema ukweli wakiulizwa vizuri, ushahidi upo. Mwaka 1998 Wenzel Geissler na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wajawazito 275 waliohudhuria hospitali ya Kilifi, na asilimia 56 walieleza kwamba walikuwa wakila udongo mara kwa mara. Kula udongo ni jambo ambalo wengi hulificha mbele ya daktari. Jibu kama lile hutolewa kwa mtu ambaye uso wake haujabadilika.

Bado jibu la kweli halitoshi. Tuseme mama amekiri, mtoto amepimwa, na alama zake ni za chini. Nani alizishusha? Mama anayekunywa mnazi mchana huenda pia hana chakula cha jioni. Huenda aliugua malaria akiwa mjamzito, huenda damu yake ilikuwa pungufu, huenda uchungu ulimshika usiku na pikipiki haikupatikana. Kila moja ya hayo linaweza kuugusa ubongo wa mtoto.

Philadelphia, Marekani, ilitoa somo ambalo kila mtu anayetaka kuandika juu ya mada hii angelisoma kwanza. Miaka ya 1980 nchi ile ilijawa na hofu ya watoto wa akina mama waliovuta kokeini. Magazeti yalitabiri kizazi kizima kilichoharibika. Daktari Hallam Hurt aliandikisha watoto 224 kuanzia mwaka 1989, nusu yao waliopatwa na kokeini tumboni na nusu ambao hawakupatwa, lakini wote kutoka familia maskini za mji uleule. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi: kuchagua wa kulinganisha nao. Walipofika miaka minne, wastani wa akili wa kundi la kwanza ulikuwa 79.0 na wa kundi la pili 81.9. Makundi yote mawili yalikuwa chini ya wastani wa nchi, ambao ni 100. Hurt aliendelea kuwafuata mpaka wakawa watu wazima, na akahitimisha kwamba umaskini uliwaumiza kuliko kokeini. Angelinganisha watoto wale na wa vitongoji vya matajiri, angethibitisha hofu ya magazeti na wanawake wengi zaidi wangenyang'anywa watoto wao.

Nasisitiza kwamba hili haliifanyi pombe kuwa salama. Pombe ni mbaya zaidi ya kokeini kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni, na ushahidi wake umerudiwa katika nchi nyingi. Ninachokiheshimu ni subira ya kutenganisha.

Subira kama hiyo iko karibu kuliko tunavyodhani. Mariakani, ambayo Wakenya wengi huijua kwa mizani ya malori kwenye barabara ya Mombasa, imo katika eneo la Kaloleni. Hospitali yake, pamoja na kituo cha Rabai, ni mahali ambapo mradi wa PRECISE, unaoendeshwa nchini na Chuo Kikuu cha Aga Khan, ulianza kuandikisha wanawake wajawazito mwaka 2019, sambamba na wenzao wa Gambia na baadaye Msumbiji. Mradi haukuanzishwa kwa ajili ya pombe. Unachunguza shinikizo la damu la mimba, watoto wanaozaliwa wadogo na wanaozaliwa wafu. Lakini umefanya jambo ambalo kila utafiti wa ubongo wa mtoto unalihitaji: umeanza na mama kabla mtoto hajazaliwa, ukahifadhi damu na vipande vya kondo la nyuma, kisha katika awamu iliyofuata ukamfuata mtoto nyumbani.

Kipimo kilichotumika kwa watoto wa mradi huo ni cha Malawi. Melissa Gladstone na wenzake walikichapisha mwaka 2010 baada ya kukijaribu kwa zaidi ya watoto 1,400 wa vijijini, kikiwa na vipengele 136 vya mwili, mikono, lugha na maingiliano na watu. Kikapu chake kina vitu ambavyo mtoto wa Mwanamwinga au Kayafungo anavitambua bila kufundishwa. Ninafurahi kwamba chombo kilichozaliwa Malawi kinafanya kazi kwetu, kama kile cha Kilifi kilivyotumika nje ya Kilifi. Afrika inakopeshana vipimo vya watoto wake, na jambo hilo halikuwepo miaka thelathini iliyopita.

Malindi nako kuna sura nyingine ya habari hii. Heroini iliingia katika miji ya pwani miongo mingi iliyopita, na mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika hospitali ya Malindi, miongoni mwa za kwanza nchini. Mwanamke mjamzito anayetumia heroini hashauriwi kuiacha ghafla, maana mwili wake ukitikisika mimba nayo hutikisika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unapendekeza ahamishiwe kwenye methadoni au dawa inayofanana nayo. Mtoto wake huweza kuzaliwa na arosto. Kwa huyo upo ufundi wa muuguzi wa zamu, uliopangwa na Loretta Finnegan mwaka 1975: kila baada ya saa chache kusikiliza kilio kama ni cha kawaida au chembamba cha kupasua, kuhesabu chafya na miayo, kutazama mikono inavyotetemeka akiguswa na akiachwa, kuona kama ananyonya au anahangaika na titi. Kila dalili ina alama yake, na jumla ndiyo inayoamua kama mtoto apewe dawa au abembelezwe tu kifuani mwa mamake, gizani, mbali na kelele. Wengi hutulia kwa kubembelezwa.

Kuna chombo kimoja nimekuwa nikikifikiria katika habari hii yote. Ni kadi ndogo yenye picha tano za mdomo wa juu na kijifereji chake, kutoka chenye kina hadi kilichosawazika kabisa. Mpimaji huishika kando ya uso wa mtoto asiyetabasamu, maana tabasamu hunyoosha mdomo, na kuchagua picha inayofanana. Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle kilitengeneza moja kwa ajili ya Wazungu na nyingine kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini waliona kwamba hazikutosha kwa watoto wao, na mwaka 2015 Eugene Hoyme na wenzake wakachapisha ya huko, kwa nyuso za huko. Midomo ya Wagiriama, Wachonyi na Warabai ni mingine tena. Kadi yao itahitaji picha za mamia ya watoto wenye afya, zilizopigwa kwa ridhaa ya wazazi, katika mwanga uleule na kwa umbali uleule, na mtu atakayeweza kumfanya mtoto wa miaka mitano anyamaze bila kutabasamu na bila kulia. Watu wanaoiweza kazi hiyo wameshafunzwa, wako Kilifi na Mariakani, na wengi wao huajiriwa kwa mikataba inayokwisha pamoja na fedha za mradi. Kaunti ingeweza kuwaajiri kwa kudumu, ikawapa chumba katika kila kliniki ya watoto kuanzia Kaloleni hadi Malindi, pamoja na mkeka na kikapu, na utepe mpya kila mwaka kwa sababu utepe wa zamani hunyumbuka.